Naomba ushauri: kuhamisha bomba la choo na la shawa

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri kabla fundi hajaanza kuvunja sakafu.

Nakarabati bafu. Nataka choo cha kukaa kihamie ukuta wa pili, shawa ichukue nafasi yake. Sakafu ni ya zege juu ya ardhi, na bomba la choo ni la inchi 4, linakwenda moja kwa moja hadi chemba ya nje. Choo kikihama, bomba litaongezeka kama mita 2.5 na kona moja.

Mteremko nimeupima: kwa sentimita 2 kila mita nahitaji kushuka sentimita 5, na kina cha chemba kinaruhusu. Hofu yangu iko kwingine. Fundi anataka kuunga bomba la shawa la inchi 2 kwenye lile la choo bila kuweka bomba jipya la hewa (la kuingiza hewa kwenye mabomba ya maji machafu). Naogopa choo kikiflashiwa kitanyonya maji ya mtego wa shawa (kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu), harufu ijae ndani. Na zege likishamwagwa, kurekebisha ni kuvunja upya.

Je, kwa umbali huo bomba la hewa ni lazima? Na kwenye kona, elbo moja ya nyuzi 90 inatosha au niweke mbili za 45?