Majirani wa Ipagala, Dodoma: kusoma chuo kikuu baada ya miaka sitini

Mama Neema: Shikamooni wazee wetu. Matangazo ya udahili yameanza kuzunguka, na hapa mtaani kuna wazazi kadhaa wanaouliza kama mtu aliyekwisha kustaafu anaweza kusoma chuo kikuu. Wanaoujua utaratibu waandike hapa hapa, ili jibu libaki kwenye kikundi.

Mwl. Chilewa: Marahaba mama. Anaweza kabisa. Sifa za kujiunga na chuo kikuu hapa Tanzania hazina umri wa juu, kinachoangaliwa ni vyeti. Umri unabana kwenye mkopo: miongozo ya Bodi ya Mikopo kwa shahada ya kwanza imekuwa na kikomo cha miaka 35. Kwa hiyo mzee ajipange kujilipia.

Mwl. Chilewa: Lakini kabla ya fomu kuna swali moja: anataka cheti au anataka maarifa? Hizo ni njia mbili tofauti. Anayetaka kuielewa sheria ya mirathi au kutunza zabibu zake vizuri hana haja ya miaka ya mitihani. Anayetaka shahada aliyoikosa ujanani, huyo aingie mlango wa chuo rasmi na afuate kila hatua.

Mzee Yona: Mbukwenyi wose. Wengi wanaoniuliza wanataka shahada. Waanzie wapi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hapo Chimwaga au Chuo Huria?

Dada Rehema: Shikamoo mzee. Kwa mtu mzima mwenye shamba na wajukuu, Chuo Kikuu Huria kinamfaa zaidi. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kukaa darasani kila siku, na kina kituo cha mkoa hapa Dodoma. Masomo yako mtandaoni, vipindi vya ana kwa ana vinafanyika kituoni, na mitihani inafanyiwa kituoni pia. Ada unaweza kuilipa kwa kadiri ya kozi ulizosajili. UDOM ni chuo kizuri sana, ila shahada zake nyingi zinataka uwepo wa kila siku.

Dada Rehema: Sasa vyeti, nikianzia juu kushuka chini.

Mwenye kidato cha sita chenye alama za kutosha, au stashahada nzuri, anaomba shahada moja kwa moja.

Mwenye kidato cha sita ambaye alama zake hazikufika, lakini ana angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, anaingia programu ya msingi ya Chuo Huria (wengi wanaiita faundesheni). Mwenye stashahada ya GPA (wastani wa alama) 2.0 au zaidi naye anaruhusiwa. Humo unasoma masomo sita ya msingi, na ili uingie shahada unatakiwa upate GPA ya 3.0 na angalau C katika masomo matatu ya mchepuo wako: sanaa, sayansi au biashara. Wanaokwama mara nyingi wanakwama kwenye hizo C tatu. GPA imefika, somo moja la mchepuo lina D, mlango haufunguki.

Mwenye kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, ukiacha ya dini, anaanza astashahada, kisha stashahada, kisha shahada.

Bibi Stamili: Na aliyeishia darasa la saba?

Mwl. Chilewa: Yupo kwenye hesabu, bibi. Anafanya Mtihani wa Maarifa, ndiyo QT. Akifaulu, mwaka unaofuata au baadaye anajisajili kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili ni Novemba, lakini usajili unaanza mapema mwaka huo huo. Hapo ndipo wengi hukosea, wanakwenda kituoni Agosti na kukuta dirisha la kawaida lilishafungwa zamani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya njia hiyo, na hao kazi ya kufundisha watu wazima walikuwa wakiifanya hata kabla Mwalimu Nyerere hajautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mzee aambiwe ukweli: kutoka darasa la saba hadi kuigusa shahada ni kama miaka mitano au sita, kila kitu kikienda sawa.

Mzee Yona: Kuna kitu nilisikia, uzoefu wa kazi kuhesabiwa.

Dada Rehema: Upo, mzee. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanauita utambuzi wa mafunzo ya awali, kwa kifupi RPL. Mwombaji anaandaa jalada la ushahidi wa alichojifunza kazini: barua za ajira, vyeti vya mafunzo mafupi, kazi alizofanya kwa mikono yake, halafu anafanya mtihani. Jalada linaangushwa na jambo moja. Watu wanaandika walifanya kazi miaka mingapi, hawaandiki walijifunza nini. "Mhasibu wa halmashauri miaka 20" haitoshi. Andika: niliandaa taarifa za mwisho wa mwaka, nilifunga hesabu, nilijibu hoja za wakaguzi, kisha ambatisha nakala inayothibitisha.

Baba Joshua: Niongeze upande wa mtandao, kwa sababu maombi mengi ya wazee yanafia huko kabla hata mtu wa udahili hajayaona.

Kosa la kwanza ni kijana wa nyumbani kumjazia mzee fomu kwa namba ya simu na barua pepe yake yeye kijana. Kijana akirudi Dar es Salaam, ujumbe wa kubadilisha nywila unakwenda kwake na mzee anafungiwa nje siku ya kusajili kozi. Fungueni barua pepe ya mzee mwenyewe, kwa laini yake mwenyewe. Nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa ndani, si kwenye karatasi ya steshenari.

Pili, cheti kipigwe skani pande zote zisomeke, kwa PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inakataliwa, na faili zito linagoma kupanda bila kukuambia sababu.

Tatu, malipo ni kwa kontroo namba tu, ile namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Yeyote anayesema "nitumie hela kwenye laini yangu nikufanyie udahili" ni tapeli.

Mama Neema: Na majina? Mama mmoja hapa cheti kina jina la ubini, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina la mume.

Dada Rehema: Hilo ni tatizo kubwa kwa kinamama wa umri huo, na bora alishughulikie sasa kuliko wiki ya usajili. Baraza la Mitihani halibadilishi jina kwenye cheti ili lifanane na la sasa, kwa hiyo marekebisho yanafanyika upande wa pili. Tofauti ndogo, kama Yohana na John, mara nyingi inatatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina, ile ya dipoli, ambayo inasainiwa kwa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ambatisha na cheti cha ndoa.

Aliyepoteza cheti aanze na taarifa ya upotevu ya polisi, kisha aende Baraza la Mitihani na namba yake ya mtihani, mwaka na jina la shule. Matokeo ya miaka ya 1970 na 1980 asitegemee kuyakuta mtandaoni kama ya watoto wa sasa. Namba ya mtihani ikisahaulika, shule aliyosoma ndiyo pa kuuliza.

Bibi Stamili: Mtu wa miaka 65 ataweza mzigo wa kusoma? Nataka hesabu, si maneno ya kutiana moyo.

Mwl. Chilewa: Hesabu hii hapa bibi. Kredi moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya kredi 10 ni saa 100. Muhula wa wiki 15 maana yake karibu saa 7 kwa wiki kwa kila kozi, ukijumlisha kusoma, kazi za kuandika na marudio. Shahada ya miaka mitatu ni kredi 360. Anayechukua kozi tatu kila muhula anasoma saa 20 kwa wiki na anamaliza kwa miaka sita. Chuo kina kikomo cha miaka ya kumaliza, aulize kituoni kabla ya kuamua mwendo.

Mimi ningemshauri muhula wa kwanza kozi mbili, basi. Na kama analima, aiangalie ratiba pamoja na mvua. Desemba hadi Aprili ndiyo palizi na ndiyo kazi za kuandika zinadaiwa.

Mwl. Chilewa: Jambo la mwisho kwa wa shahada: lugha ni Kiingereza, na mtihani bado ni kuandika kwa mkono saa mbili au tatu. Vidole vilivyoacha kalamu siku nyingi vinachoka kabla ya akili. Aandike ukurasa mmoja kila siku kuanzia sasa. Macho yapimwe, na miwani iwe ya kusomea. Aliyeshindwa kusoma maandishi madogo kwenye simu anadhani ameshindwa masomo.

Baba Joshua: Kwenye simu: Mipangilio, Onyesho, Ukubwa wa maandishi, sogeza kulia. Moduli ndefu chapisheni kwa karatasi, nyuma na mbele. Ni nafuu kuliko kuumiza macho.

Mzee Yona: Na fedha?

Dada Rehema: Alipe muhula kwa muhula. Mafao ya mkupuo yasipelekwe chuoni yote siku moja, kwa sababu akiugua au akiamua kupumzika itakuwa kazi kuyapata tena.

Mama Neema: Ile njia nyingine je, ya maarifa bila mitihani?

Mwl. Chilewa: Hiyo naipenda kuliko zote, na hapa kwetu haijatumika inavyostahili. Ufaransa, chuo kikuu cha Toulouse kilifungua mwaka 1973 masomo ya wastaafu, wakayaita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Cambridge, Uingereza, wakageuza mtindo: wastaafu wenyewe wanafundishana, aliyekuwa nesi anafundisha afya, aliyekuwa fundi anafundisha umeme. Marekani kuna vituo vya Osher ndani ya vyuo vikuu, kwa wenye miaka 50 na kuendelea, hakuna mtihani wala alama.

Hapa Dodoma tuna UDOM, Chuo Kikuu cha St. John's, Chuo cha Mipango na chuo cha biashara CBE, na huduma kwa jamii ni mojawapo ya kazi za chuo kikuu. Kinachotakiwa ni barua. Isiombe "mafunzo kwa wazee", hiyo itazunguka mezani. Iombe mhadhiri mmoja, mada moja, vikao sita vya dakika 90, itaje mahali, siku na idadi ya watu. Ipitie ofisi ya mtaa ipigwe muhuri, iende kwa mkuu wa ndaki (kitivo) ya mada hiyo.

Kikundi kiwe watu 8 hadi 15. Wakizidi hapo, wenye masikio mazito hawasikii na hawasemi. Saa nne asubuhi ni nzuri kuliko jioni: macho hayajachoka na hakuna kurudi gizani. Viti vyenye egemeo, choo karibu. Michango ni ya nauli ya mhadhiri, maji na nakala.

Bibi Stamili: Mada ya kwanza iwe mirathi na wosia. Ugomvi wa viwanja umezidi.

Mzee Yona: Naunga mkono. Ya pili zabibu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kiko jirani, na chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro, wana taasisi yao ya elimu ya kujiendeleza inayofundisha wakulima.

Mama Neema: Basi Jumamosi saa nne, ofisi ya mtaa. Wa shahada waje na vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA na simu yenye laini yao. Wa kikundi waje waandike majina kwa ajili ya barua.

Dada Rehema: Na mwenye cheti kilichochakaa asikipeleke kulaminishwa. Kikishafungwa na plastiki, alama za usalama hazikaguliki vizuri. Akiweke kwenye bahasha ngumu tu, nitakitazama.