Diski pacha zinatoa majibu mawili tofauti, programu inasema "kila kitu safi"!

Wakuu, mnivumilie, leo naandika nimefura.

Tuna boksi la kuhifadhia data lenye diski mbili kwenye RAID 1. Ahadi yake kila mtu anaijua: kinachoandikwa diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili, moja ikifa nyingine inaendeleza kazi. Sasa hapa hakuna diski iliyokufa. Taa ni ya kijani, ukurasa wa hali umeandika "safi", SMART (diski kujipima afya yake yenyewe) inatoa PASSED kwa zote mbili. Na databesi inaharibika huku tunaitazama.

Dalili yenyewe ni hii. Databesi imezimwa, hakuna anayeandika chochote. Unapiga sha256sum kwenye faili (amri inayokokotoa alama ya kipekee ya kilichomo ndani), unapata jibu. Unasafisha kashe ya memori, unapiga tena, jibu lingine kabisa! Faili lile lile, ukubwa ule ule, tarehe ile ile.

Nikaituhumu RAM, memtest (programu ya kuipima) ikakesha bila kosa hata moja. Kebo nayo, kihesabu cha makosa ya CRC (data kuharibika njiani kwenye kebo) kinasoma sifuri. Ikabidi nisome kila diski peke yake, bila kuandika kitu, nikazilinganisha baiti kwa baiti kwa amri ya cmp. Tofauti zinaanzia pale pale kwenye mipaka ya baiti 4096. Diski A ina rekodi mpya. Diski B ina rekodi za zamani, tena nzima, zimepangika vizuri, wala si takataka. Yaani B ilipewa data, ikajibu "nimeshaandika", na haikuandika! SMART itaonaje kosa la namna hiyo? Sekta inasomeka bila shida, ila kilichomo kimepitwa na wakati.

Na RAID 1 ikisoma hailinganishi nakala mbili. Inachagua diski moja, ile yenye nafasi au iliyo karibu na data, inakuletea. Ndiyo maana majibu yanabadilika: leo kajibu A, baadaye kajibu B.

Ndani ya boksi ni md ya Linux, yaani programu inayoendesha RAID, wala hawafichi. md ina ukaguzi wake: unaandika check kwenye faili la sync_action, ikimaliza unasoma mismatch_cnt, kihesabu cha tofauti kati ya diski. Nikaingia kwa SSH, nikakuta 384. Hizo ni sekta za baiti 512, na md hukagua kwa vipande vikubwa, kwa hiyo kila 128 inaweza kuwa kipande kimoja tu cha KB 64 chenye tofauti ndani yake. Namba ipo, boksi linajikagua lenyewe kila mwezi, halafu mtu kaamua mteja asionyeshwe! Najua kuna wajuzi watakuja kusema mismatch kwenye RAID 1 mara nyingine haina madhara, kwa mfano kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia memori). Kweli. Hapa hakuna swapu, na tofauti iko katikati ya jedwali linalotumika.

Kilichonichefua zaidi ni huduma kwa wateja: "Bonyeza Rekebisha." Hivi wanajua hicho kitufe kinafanya nini? repair ya md kwenye RAID 1 inachukua nakala moja na kuiandika juu ya nyingine, basi. Nakala ziko mbili, hakuna wa tatu wa kuamua. Ikiichukua ya B, rekodi mpya zimekwenda, kihesabu kinarudi sifuri, na ushahidi umefutika. Nikawauliza inachagua ipi. Jibu: "Mfumo hutambua nakala sahihi wenyewe." Kwa kutumia nini, wakati hakuna cheksamu (namba ya kuhakiki data) popote?

Mifumo ya mafaili ya ZFS na Btrfs huweka cheksamu ya data mbali na data yenyewe, kwa hiyo zinajua nakala ipi inadanganya na kuisahihisha kutoka upande wa pili. (Msije na "hamia ZFS, umemaliza". Novemba 2023 OpenZFS nayo ilikutwa na hitilafu iliyoacha sifuri ndani ya mafaili yaliyonakiliwa na cheksamu zikaonekana sawa, hadi 2.2.2 na 2.1.14 zilipotoka.)

Bakapu? Zilisomwa kupitia RAID hiyo hiyo, kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na vipande vya A na vipande vya B. Nimeitoa B, imewekwa kando bila kuguswa, na sasa tunapitia rekodi moja moja kutoka A.

Mwenye boksi la namna hii asome mismatch_cnt kabla hajagusa Rekebisha, kisha aweke hapa modeli ya diski na toleo la femuwea yake (programu iliyo ndani ya diski). Nataka kujua kama ni diski za aina moja zinazodanganya au ni kidhibiti cha boksi lenyewe, maana tiketi yangu wameshaifunga, wameandika "imetatuliwa".