Kovu la BCG linakinga korona? Naomba ushauri, nina safari

Mpakani_Malaba: Ndugu zangu, salaam. Nina kovu la BCG begani, ile chanjo ya kifua kikuu ya utotoni. Nasikia mwenye kovu hilo hata akishikwa na korona haimlazi. Ni kweli? Jibuni mapema, leo jioni nasafiri.

Boda_wa_Bwaise: Kovu ninalo, na 2021 nililala wiki mbili. Rolex, ile chapati ya mayai, nilikula kama natafuna karatasi.

Afande_Bombo: Vijana mmekuwa laini. Mimi nilijifukiza mkaratusi ndani ya blanketi, jasho likalowanisha hadi soksi.

Nesi_Mstaafu: Wazo hilo lilivuma 2020, watu walipoona nchi zinazochanja BCG zina vifo vichache. Wakasahau kwamba nyingi zimejaa vijana. Utafiti wa BRACE ulioongozwa kutoka Australia uliwafuata wahudumu wa afya karibu 4,000. Matokeo ya 2023 yakaonyesha BCG haikuwapunguzia kuugua wala kuzidiwa. Na hao walichomwa ukubwani! Sindano yako ya uchangani ina miaka mingapi? Kwani safari ya wapi? Unakohoa?

Mpakani_Malaba: Kidogo.

Nesi_Mstaafu: Umepima?

Mpakani_Malaba: Jana. Mistari miwili, ila wa pili hafifu. Naenda Arua kumwona mama, ana miaka 71 na sukari. Tiketi nimeshalipa, hawarudishi pesa. Na yeye ana kovu, tena kubwa kuliko langu.

Nesi_Mstaafu: Mstari hafifu ni mstari. Na kovu la mtu wa umri wake huenda ni la chanjo ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kuisha duniani 1980. Wenye sukari ndio korona inawaelemea. Ya korona yenyewe amechanjwa? Hapa Uganda ilianza Machi 2021.

Mpakani_Malaba: Alikataa. Lakini nitavaa barakoa, nitakaa dirishani.

Binti_Arua: Dirisha la basi la usiku! Lifungue ukifika Karuma uone abiria watakavyokutukana kwa baridi.

Boda_wa_Bwaise: Ngoja. Huyu si ndiye alituchangisha mwezi wa pili, mama amefariki? Nilituma elfu kumi.

Afande_Bombo: Mimi ishirini!

Mpakani_Malaba: Yule alikuwa mama mkubwa. Huyu ndiye aliyenizaa.

Binti_Arua: Mama mkubwa ni mama, hilo halina ubishi. Ila uliandika "aliyenibeba tumboni". Nakumbuka kwa sababu nililia.

Mpakani_Malaba: Nilikuwa na uchungu, sikupima maneno. Mnataka nipige picha makovu ya wote wawili?

Afande_Bombo: Piga la marehemu kwanza.

Nesi_Mstaafu: Jamani. Awe yupo au hayupo, mwenye mistari miwili hapandi basi. Mpigie simu, mwambie utakuja ukipona.

Mpakani_Malaba: Nimeshakaa. Jirani yangu ana mtoto mchanga, kameanza kunivuta barakoa.

Nesi_Mstaafu: SHUKA.

Boda_wa_Bwaise: Ukishuka, nitumie elfu kumi yangu.