Kafka au RabbitMQ kwa mita za maji? Bosi anataka jibu Ijumaa

mchota_maji
Wakuu, habari za jioni. Ofisini tunabadilisha mfumo wa mita za maji za kulipia kabla. Sasa hivi kila mita inaandika moja kwa moja kwenye hifadhidata, na hifadhidata ikilemewa kila kitu kinasimama. Tumekubaliana tuweke kitu cha kupokea matukio hapo katikati. Nimeambiwa nichague kati ya Kafka na RabbitMQ. Ipi bora?

fundi_seva
Umekuja dukani kuuliza bei ya kiatu hujataja namba ya mguu. Mita ngapi? Zinatuma kila baada ya muda gani? Seva mnazo ngapi?

logi_haifutwi
Kafka, sina maswali. LinkedIn waliijenga kwa shida zao wenyewe wakaiachia huria 2011. Kwenye foleni ya kawaida ya RabbitMQ, konsuma (programu inayosoma foleni) akishathibitisha kapokea, ujumbe umeondoka. Kafka ni daftari: tukio linaandikwa, kila msomaji anakumbuka amefika mstari gani. Usipogusa mipangilio linakaa siku 7. Mkigundua Jumatano kwamba bili za Jumatatu zilikosewa, mnarudi nyuma mnasoma upya.

BintiPangani
@logi_haifutwi mwambie na upande wa pili basi. Daftari la Kafka linagawanywa vipande, yaani partisheni, na mfuatano unahakikishwa ndani ya partisheni moja tu. Asipotumia namba ya mita kama ufunguo wa kuchagua kipande, usomaji wa saa 4 utamfikia kabla ya ule wa saa 3. Na RabbitMQ ina strimu, daftari kama hilo, tangu toleo la 3.9 la 2021, nazo zinasomwa upya vilevile.

logi_haifutwi
Strimu za RabbitMQ umewahi kuziendesha wewe, au umesoma tu?

BintiPangani
Mwaka wa pili huu. Wewe ZooKeeper, ile programu ya pembeni ya kuratibu seva za Kafka, ulikuwa unailea na nani kabla hawajaiondoa kwenye Kafka 4.0?

mzee_wa_zamu
Tulizeni vijana. Mimi RabbitMQ ilinilaza ofisini, na bado naipenda.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kampuni sitaitaja. Mteja analipa, tukio linaingia kwenye foleni, konsuma anaongeza salio kisha anatuma SMS. Konsuma akafa kimyakimya saa 2 usiku. Jumbe zikarundikana hadi RabbitMQ ikagusa kikomo cha kumbukumbu, kwetu 40% ya RAM. Ikifika hapo haianguki, inawazuia wanaotuma. Kwa hiyo skrini yangu kijani tupu, na malipo hayaingii! Nilikaa dakika arobaini naulaumu mtandao.

Tukamwasha konsuma upya, akaanza kunywa foleni, nikaagiza chai. Chai haijapoa akafa tena. Alikuwa anathibitisha mwishoni, baada ya SMS, kwa hiyo wote waliokwisha kuongezewa salio lakini hawajathibitishwa walirudi kwenye foleni. Akiwashwa anaongeza tena. Asubuhi mama mmoja akapiga simu: "Mwanangu, nimelipa elfu mbili, mbona mmenipa ya elfu sita?" Huyo mmoja tu ndiye aliyepiga.

Hata Kafka ingenifanyia hivyohivyo, kwa namna tulivyomwandika yule konsuma. Kila tukio lipe namba yake, na hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia.

mchota_maji
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Mita 340, kila moja inatuma kila dakika 15. Seva moja, RAM 4GB. Zilizoko bondeni mtandao unakuja na kuondoka.

fundi_seva
Haya sasa! 340 mara 96 ni matukio 32,640 kwa siku. Hata tukio moja kwa sekunde halifiki. Ungetuambia mwanzo tusingepigana. Jedwali moja la foleni ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL na SKIP LOCKED (amri ya kuruka mistari ambayo mwingine anaishughulikia), ipo tangu toleo la 9.5, umemaliza. Huku kwenye mita weka MQTT, itifaki nyepesi ya vifaa kutuma ujumbe. Stanford-Clark wa IBM na Nipper waliitengeneza 1999 kwa mabomba ya mafuta yaliyosomwa kupitia setilaiti, kwa hiyo mtandao wa bondeni haiushangai. Mosquitto, programu ya kupokea jumbe za MQTT, itakaa kwenye hiyo seva na nafasi ibaki.

logi_haifutwi
Leo 340. Mwakani wakiwa elfu ishirini?

mzee_wa_zamu
Mwakani watakuwa na hela ya seva ya pili.

kijana_wa_Kondele
Mmesahau saa. Kwetu tulikuwa na vihisi vya joto kwenye matangi ya maziwa. Vingine vikawa vinaleta matukio ya saa sita zilizopita. Tukalaumu foleni wiki nzima. Kumbe fundi alifika saa tatu asubuhi, akaandika 03:00.

fundi_seva
😂😂 Ndiyo maana Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, alituonya tangu 1978. Achana na saa ya ukutani, weka kaunta, namba inayopanda kwa kila tukio.

BintiPangani
Kaunta itakwambia lipi lilitangulia. Bili ya mwezi inataka tarehe. Hifadhi zote mbili, saa ya kifaa na saa tukio lilipofika.

fundi_seva
Na mita ya bondeni ikikaa siku mbili bila mtandao, saa ya kufika itakusaidia nini?

BintiPangani
Ndiyo maana nimesema zote mbili. Soma taratibu, kaka.

mchota_maji
Nimetoka kuangalia jedwali letu. Kuna mita 11 ambazo watu wanachota maji kwa wingi saa 7 usiku, na saa 1 asubuhi hakuna mtu bombani. Fundi aliyezifunga ni shemeji wa bosi. Ijumaa naanzia wapi?