Mrejesho: karatasi ya taa imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini karatasi ya taa yangu ya kuning'inia, niliyoiunda kwenye Blender (programu ya kuunda vitu vya 3D), inatoka kama plastiki. Tatizo lilikuwa unene: niliipa kuta mbili, halafu nikaiwekea mpangilio wa kioo. Nimefuta unene, ukabaki uso mmoja tu, kisha kwenye Cycles (sehemu ya Blender inayokokotoa mwanga na kutoa picha) nikachanganya nodi mbili, yaani vipande vya mpangilio wa uso: Diffuse, inayotawanya mwanga upande ule ule unaopigwa, na Translucent. Hii ya pili hutawanya mwanga upande wa nyuma, kwa hiyo balbu haionekani tena waziwazi. Picha ya nyuzinyuzi za karatasi ndiyo inayoongoza mchanganyiko, yaani kiasi cha kila nodi mahali kwa mahali. Sasa vivuli vya vijiti vya mianzi vinaonekana, na karatasi zilipopandana pana utepe wa giza, nimeupenda mno! Aliyeniambia niinue kwanza karatasi halisi dirishani, asante sana.