Laptopi ya mtumba haina CD ya Windows: nianzie wapi kuifufua?

Mpya_Hapa:
Wakuu, naomba mwongozo. Mashine ni Dell Latitude E6430 ya mtumba: Core i5 kizazi cha 3, RAM GB 4 (kipande kimoja), diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 7 yenye stika ya leseni chini ya betri. Kuwaka inachukua dakika kadhaa, na ikishawaka taa ya diski haizimi. CD hakuna, na hata ingekuwepo, kisoma DVD ni kibovu. Nataka kuweka SSD (diski isiyozunguka), kuongeza RAM na kupiga mfumo upya. Ipi inatangulia, na mfumo upi unaifaa? Kompyuta nyingine ya kuazima ipo.

Kobe:
CD isikuumize kichwa, flashi ya GB 8 inatosha. Ila kabla hujanunua kipuri chochote, iwashe huku ukigonga F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Ikidai neno la siri, simama hapo hapo: laptopi za kiofisi za aina hiyo hazilisahau kwa kuchomoa betri ya saa, na bila BIOS huwezi kubadilisha mpangilio wowote.

Kisha ipime diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski. Tazama mistari 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Ikiwa hesabu zake zimepita sifuri na zinaendelea kupanda, diski inakufa, na huenda ndiyo sababu ya uzito wote huo. Nakili mafaili yako kwanza, mengine baadaye.

Kuhusu mfumo: Windows 7 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo yako haimo. Stika yako nayo haifungui tena Windows mpya. Microsoft ilifunga njia hiyo Septemba 2023. Ningepiga Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure katika toleo lake jepesi, bila kusita.

Bisibisi:
Naongezea upande wa vipuri. Fedha ikitosha kimoja tu, chukua SSD. RAM nyingi juu ya diski ya kuzunguka bado ni mwendo wa kinyonga.

SSD iwe ya SATA (plagi ile ile ya diski yako ya sasa), inchi 2.5, unene milimita 7. Usiletewe ya M.2 (kijikadi chembamba) ukadhani itaingia humo. RAM ni DDR3 au DDR3L ya laptopi, pini 204, kasi 1600. Matundu ni mawili na kila moja linapokea hadi GB 8. Mimi ningeongeza kipande cha pili cha GB 4, jumla iwe GB 8: vipande viwili vinavyolingana vinafanya kazi sambamba, na michoro ya Intel, ambayo inakula RAM hiyo hiyo, inapata nafuu.

Toa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi. Ingiza kipande kikiwa kimeinama, kisha kilaze mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ukiwasha ukaona giza na taa zinapepesa, mara nyingi hakijaingia hadi mwisho. Jaribu kimoja kimoja, halafu acha memtest86+ (programu ya kupima RAM) izunguke mara moja nzima kabla ya kupiga mfumo. RAM mbovu huharibu usakinishaji katikati, na watu wanailaumu flashi.

Ukiwa umefungua, puliza feni, lakini izuie kwa kidole isizunguke.

Ngamia_wa_Data:
Kobe, hapo kwenye Windows 7 kuna wenye programu ya zamani isiyokubali kwingine. Kwa hao, kabla diski haijatoka, gonga F8 wakati wa kuwaka uone kama "Repair Your Computer" na sehemu ya kurejesha ya kiwandani bado zipo. Ukipiga upya kwa flashi, tumia tundu la USB 2.0, kwani kisakinishi cha Windows 7 hakina draiva za USB 3.0. Na hali ya SATA kwenye BIOS (RAID au AHCI, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski) iamue mapema: ukihama kutoka RAID kwenda AHCI baada ya kusakinisha, utapata skrini ya bluu 0x0000007B. Mashine hiyo isiguse intaneti.

Mpya_Hapa:
SSD na RAM zimeingia, Mint nimeipiga kwa flashi niliyoiandaa kwa programu ya Rufus. Ilimaliza vizuri, lakini nikiichomoa flashi inasema "No bootable device". Nikiirudisha, inawaka.

Kobe:
Sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza: kipakiaji (kiprogramu kinachoanzisha mfumo) kimeandikwa kwenye flashi badala ya SSD. Ukichagua sehemu za diski kwa mkono, chini ya dirisha hilo kuna mahali pa kuteua kifaa cha kipakiaji. Lazima iwe SSD, kwa kawaida /dev/sda. Hakikisha kwa kuangalia ukubwa, usibahatishe.

Ya pili: menyu ya F12 ya kuchagua cha kuwashia inaorodhesha flashi ile ile mara mbili, Legacy na UEFI, yaani njia ya zamani na njia mpya ya kuwasha mashine. Ukisakinisha kwa njia moja huku BIOS imewekwa nyingine, SSD haionekani. Washa kwa flashi, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika `ls /sys/firmware/efi`. Folda ikiwepo uko UEFI, isipokuwepo uko Legacy. Linganisha na BIOS, kisha sakinisha tena.

Mpya_Hapa:
Ilikuwa ya pili, imekubali. Ila saa inarudi nyuma miaka kila nikitoa chaja na betri.

Bisibisi:
Betri ya saa imeisha, ni CR2032. Angalia kama yako ina kiwaya na plagi. Kama inacho, tafuta yenye kiwaya. Usiiache hivyo: saa ikikosea, tovuti zitagoma kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama, na BIOS inaweza kurudi mpangilio wa kiwandani ukakutana tena na "No bootable device".