Daktari wa watoto mstaafu anataka kuhudumia mtaa wetu Kisauni: tuanzie wapi?

Mkaazi_Mshomoroni
Assalaam alaykum jamaa. Hapa mtaani tuna daktari bingwa wa watoto, mama wa heshima, amestaafu utumishi wa serikali. Yuko tayari kutoa asubuhi moja kila wiki bila malipo. Kamati ya msikiti imetoa ukumbi na vijana washaanza kuchanga wanunue dawa. Wengine wanataka kambi kubwa ya matibabu ya siku moja, mtaa mzima ualikwe. Naomba wenye ujuzi watueleze vibali, vifaa na mambo yanayoharibika. Hatutaki kumchosha wala kumtia matatani.

Karani_wa_Afya
Waalaykum salaam. Mchango wa dawa usimame kwanza, muanze na leseni. Leseni ya KMPDC, yaani baraza linalosimamia madaktari Kenya, huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, daktari alipwe asilipwe, na kuihuisha kunataka pointi 50 za mafunzo endelevu. Wastaafu wengi hukwama hapo, kwa sababu wakitoka hospitalini wanakosa vile vikao vya mafunzo vilivyokuwa vikiwapa pointi kila wiki. Mwandikisheni kwenye vikao hivyo mapema, msingoje Novemba. Pia awe na bima ya kumlinda dhidi ya madai. Kutibu bure hakumzuii mzazi kwenda mahakamani.

Kisha andikeni barua kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo ya Kisauni, mtaje siku, saa, huduma, namba ya leseni ya daktari na zahanati mtakayofungamana nayo. Kwa maoni yangu atibu ndani ya zahanati ya serikali iliyo karibu. Kule kuna friji ya chanjo, rejista, na njia ya kutupa sindano. Ukumbi wa msikiti utafaa sana kwa kupima uzito na kufundisha akina mama.

Sista_Likoni
Naunga mkono. Daktari bingwa akikaa mezani anaandika majina na kupima homa, mmempoteza. Tafuteni watu wanne: wa kuandikisha, wa uzito, wa joto na pumzi, na wa kutoa dawa. Wahudumu wa afya wa jamii mnao, na kila mmoja anajua nyumba zake, takriban 100. Kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa dakika kumi kila mtoto na nafasi ya dharura, toeni kadi 20 tu. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hapangi foleni, aingie moja kwa moja.

Sasa vipimo, maana ndipo makosa yanapoanzia. Mizani ya kuning'inia ifungwe usawa wa macho ya anayesoma. Ning'inizeni kwanza ile suruali ya kumbebea mtoto ikiwa tupu, ndipo muurudishe mshale kwenye sifuri. Mkisahau, suruali inahesabika kuwa nyama ya mtoto. Mama asimshike mguu wakati wa kusoma.

Utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia wenyewe, utepe uguse ngozi bila kuibana. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 hadi 12.5 ni wa kadiri. Pia bonyezeni kwa kidole miguu yote miwili ya mtoto, muangalie uvimbe. Shimo likibaki pande zote mbili, msiuamini huo utepe hata ukisoma kijani, yaani salama.

Pumzi huhesabiwa dakika nzima, nguo imeinuliwa, mtoto ametulia. Akiwa analia, ngojeni. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka. Daktari aambiwe papo hapo.

Mfamasia_Tudor
Kuhusu dawa: msipokee masalio ya nyumbani, na za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Someni joto lililoandikwa kwenye boksi. Nyingi zinataka chini ya nyuzi 30, na buti la gari Mombasa mwezi wa Februari linapita hapo kwa mbali. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji haikai siku nyingi, na nyumba nyingi hazina friji, kwa hiyo ulizeni vidonge vinavyoyeyuka.

Kitu kitakachookoa watoto wengi wanaohara ni ORS, ule unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki, na hapa kwetu maji ndiyo mtihani. Visima vingi vina munyu. ORS ikichanganywa na maji hayo, chumvi inazidi kipimo na mtoto anaweza kudhurika zaidi. Tumieni maji matamu yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Someni pakiti pia: kuna za lita moja na za nusu lita. Mama apewe chupa ya kipimo hicho hicho, aione ikichanganywa mbele yake. Ikipita saa 24 imwagwe. Baada ya kila choo, mtoto chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, mkubwa 100 hadi 200, kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mwendelee polepole. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Akina mama wengi huikatiza kuhara kukiisha, basi andikeni tarehe ya mwisho juu ya pakiti.

Mkaazi_Mshomoroni
Shukran sana. Na ile kambi ya siku moja? Vijana bado wanaitaka.

Sista_Likoni
Kaka, kambi inafaa kwa vitamini A na dawa ya minyoo, maana hutolewa kila miezi sita. Ombeni kaunti muingie kwenye wiki za Malezi Bora, zile za kampeni ya afya ya mama na mtoto, Mei na Novemba. Nguvu za vijana ziende huko. Mtoto wa utapiamlo au wa pumu anataka kuonwa tena wiki ijayo na daktari yule yule, na hilo kambi haiwezi. Kila kadi iandikwe tarehe ya kurudi, na asiyerudi mhudumu wa eneo lake amfuate nyumbani kabla ya siku tatu. Na mkaulize msikitini saa za madrasa za mwisho wa wiki kabla hamjachagua Jumamosi kuwa siku ya kliniki.